Tuzo ya Mombasa na Hukumu ya Nyeri: Wafanyakazi wa Kenya Mbele ya Jaji Thacker, 1947–1950

Katika kuwafundisha wanafunzi wetu wa tafsiri istilahi za sheria, kuna neno moja dogo ambalo hutuletea mabishano kila muhula. Neno lenyewe ni tuzo. Mwanafunzi aliyezoea kusikia habari za tuzo ya mwanasoka bora, au tuzo ya fasihi, hushangaa anapoelezwa kwamba huko Tanzania uamuzi wa mwamuzi katika mgogoro wa kazi nao huitwa tuzo. Huuliza, na ana haki ya kuuliza: je, mfanyakazi aliyedai ujira wake amezawadiwa? Kama alichopewa ni haki yake, kwa nini kipewe jina la zawadi?

Tumeona si vyema kumjibu kwa kamusi peke yake. Historia ya jirani zetu wa Kenya ina jibu refu zaidi. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa walipata tuzo ya namna hiyo kutoka kwa jopo lililoongozwa na jaji mmoja, Ransley Thacker. Mwaka 1950 jaji huyohuyo aliketi mjini Nyeri kuamua hatima ya mtu aliyekuwa akiwaambia wafanyakazi kwamba nyongeza ya shilingi haitoshi, na kwamba wanahitaji chama chao wenyewe. Uamuzi wa kwanza uliongeza malipo. Wa pili ulimpeleka mtu huyo jangwani. Makala haya yanajaribu kuzisoma hukumu hizo mbili kwa pamoja, maana kila moja ikisomwa peke yake hupotosha.

Msomaji wa hapa Kampala asidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya mbali. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na pamba yetu na kahawa yetu zilishuka nayo hadi bandari ya Kilindini. Makuli wa Kilindini walipoweka chini magunia, mizigo ya Uganda ilikaa. Nasi tulikuwa na yetu: Januari 1945 migomo ilienea Kampala na miji mingine ya Uganda, miaka miwili kamili kabla ya ule wa Mombasa tutakaousimulia.

Kwanza tuseme mahakama ilikuwa na maana gani kwa mfanyakazi wa Kiafrika wa wakati ule. Tangu mwaka 1906 Kenya ilikuwa na sheria ya mabwana na watumishi iliyofanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Mtu aliyechoka na mwajiri wake akaenda zake hakuwa amevunja makubaliano tu, bali alikuwa mhalifu wa kusakwa na polisi, kushtakiwa, kutozwa faini au kufungwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kikaongezwa kipande, hati ambayo kila mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kutembea nayo, na ambayo mwajiri aliandika ndani yake tarehe ya kuanza kazi na ya kuacha. Bila saini ya kuruhusiwa kuondoka, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeiona mahakama, aliiona akiwa kizimbani. Hakwenda huko kudai kitu.

Lugha yetu imehifadhi athari za maisha hayo. Kipande kimebaki katika kumbukumbu za wazee kama neno la uchungu. Kibarua nacho, ambacho leo tunakitumia kwa kazi ya siku moja na kwa mtu anayeifanya, asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba siku hiyo amefanya kazi. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Na kugoma, kabla ya kuwa neno la viwanda, lilikuwa neno la kukataa tu, la kuushikilia msimamo kama punda aliyesimama katikati ya njia. Tunawaambia wanafunzi wetu wasilitazame neno hili kama tafsiri ya kigeni. Watu wa pwani walikuwa nalo, wakalipeleka bandarini.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa iligoma. Haukuwa mgomo wa makuli peke yao. Wa reli waligoma, wa hoteli waligoma, wapishi na maboi wa majumbani waligoma. Idadi yao ilikadiriwa kufika watu 15,000. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vyakula na kodi za vyumba, na mishahara ilikuwa imebaki nyuma. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina wenyewe, Kiwanja cha Maskini, na huko ndiko kilikozaliwa chama kilichokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika. Lugha ya kiwanja hicho ilikuwa Kiswahili. Haingewezekana vinginevyo, maana waliokutana pale walikuwa Wamijikenda, Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Wataita na Waswahili wenyewe. Sisi walimu wa lugha hupenda kuhubiri kwamba Kiswahili huunganisha. Mara nyingi husema hivyo bila mfano. Mfano huo hapo.

Mgomo ulichukua siku 12. Serikali iliuita haramu, lakini isingeweza kuwafunga watu 15,000. Aliyewasihi warudi kazini ni Eliud Mathu, mjumbe wa kwanza Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kwa ahadi kwamba malalamiko yao yangechunguzwa. Ndipo likaundwa jopo chini ya Jaji Thacker, nalo likatoa tuzo mwaka huohuo. Malipo yaliongezwa, pamoja na posho ya nyumba. Walionufaika hasa walikuwa wafanyakazi wa waajiri wakubwa ambao shauri lao lilikuwa mbele ya jopo. Wengi katika maduka madogo na majumba ya watu walibaki walivyokuwa.

Hatutaki kuidharau tuzo hiyo. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na wenzake wanne, shilingi chache ni shilingi chache. Tena, kwa mara ya kwanza wafanyakazi wa Mombasa waliona chombo chenye sura ya mahakama kikiwasikiliza kuhusu bei ya unga badala ya kuwauliza kipande kiko wapi. Ila tuangalie kile ambacho tuzo haikukigusa. Haikuwatambua wasemaji wa wafanyakazi kuwa watu wa kuketi nao mezani siku nyingine. Malipo yalitoka juu, kwa hekima ya jaji, na wafanyakazi waliyapokea. Hapo neno tuzo, kwa maana ile ya zawadi, linafaa kuliko wengi wetu tungependa kukiri.

Rais wa Shirikisho lile alikuwa kijana aliyeitwa Chege Kibachia. Miezi michache baada ya mgomo alianza kulipeleka Shirikisho bara, Nairobi na kwingineko. Agosti 1947 alikamatwa, akapelekwa Kabarnet huko Baringo, akakaa uhamishoni takriban miaka 10. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waligoma, polisi wakafyatua risasi, na watu 3 wakafa. Kiwanja cha Maskini kilinyamaza. Serikali ilimleta mshauri wa vyama vya wafanyakazi kutoka Uingereza, James Patrick, na shauri lililopendwa likawa kwamba Waafrika wafundishwe kuunda vyama vidogovidogo, kila kazi na chama chake, vyenye vitabu vya hesabu safi na visivyojiingiza katika siasa. Chama kimoja cha watu wote, cha makuli na wapishi na makarani pamoja, ndicho kilichoogopwa.

Sasa tuje kwa mtu wa pili wa habari hii. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi akiwa kijana wa miaka 13. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi aliyefanya kazi katika reli kabla ya kuwa na kiwanda chake cha uchapaji. Mwaka 1935 Makhan Singh alichukua ukatibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, akakibadili jina na kukifungua kwa wafanyakazi wa rangi zote. Jambo hili leo linaonekana dogo. Nairobi ya 1935 ilikuwa na vyoo vya rangi tatu, mabehewa ya rangi tatu na mishahara ya rangi tatu. Mwaka 1937 chama hicho, kikiitwa sasa Chama cha Wafanyakazi cha Afrika ya Mashariki, kiliendesha mgomo wa takriban miezi 2 na mishahara ikapanda.

Alikwenda India mwishoni mwa 1939, akatiwa kizuizini huko mwaka 1940, na aliporudi Nairobi ilikuwa Agosti 1947, mwezi uleule Kibachia alipokamatwa. Serikali ilijaribu zaidi ya mara moja kumrudisha India kwa amri za kufukuzwa nchini, na mahakama haikuipa ilichotaka. Hili tunalitaja makusudi. Mahakama za kikoloni hazikuwa mhuri wa gavana kila siku; zilikuwa na majaji waliosoma sheria na waliokataa pale sheria ilipokosekana. Serikali ilijibu kwa kutafuta sheria nyingine.

Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa viliungana Nairobi kuunda Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi vya Afrika ya Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, katibu mkuu Makhan Singh. Kongamano liliomba kusajiliwa, msajili akakataa. Tafadhali msomaji alishike neno hilo, kwa sababu baada ya mwaka mmoja viongozi hao wawili walikamatwa, tarehe 15 Mei 1950, na shtaka lao lilikuwa kwamba ni maofisa wa chama kisichosajiliwa ambacho hakikujivunja. Mlango ulifungwa na mwenye nyumba, kisha mgeni akashtakiwa kwa kusimama nje. Walipatikana na hatia na kutozwa faini.

Kwa kweli si usajili uliowasumbua wakubwa. Tarehe 23 Aprili mwaka huo, katika ukumbi wa Kaloleni, mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi ulipitisha azimio alilolipendekeza Makhan Singh, la kutaka nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili. Uhuru kamili, mwaka 1950, katika ukumbi wa mtaa wa wafanyakazi. Wanasiasa wengi waliokuja kusifiwa baadaye walikuwa bado wakiomba viti vichache zaidi barazani.

Siku iliyofuata baada ya kukamatwa, Nairobi iligoma. Madai yalikuwa mchanganyiko ambao hata leo unasisimua kuusoma: viongozi waachiwe, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, misako ya usiku ikome, masharti mapya dhidi ya madereva wa teksi yaondolewe, na Afrika ya Mashariki iwe huru. Mkate na bendera katika karatasi moja. Polisi walitumia mabomu ya machozi, magari ya deraya yakapita mitaani, na baada ya siku 9 mgomo ukavunjika. Kubai alifunguliwa shtaka jingine, la kujaribu kuua, akakaa rumande miezi mingi kabla ya kuachiwa huru na mahakama.

Makhan Singh alipelekwa Nyeri, mbele ya Jaji Thacker.

Shauri la Nyeri halikuwa kesi ya jinai. Hakuna aliyedai kwamba ameiba, amepiga mtu au amechoma nyumba. Chini ya sheria iliyokuwa imetungwa mwaka uliotangulia kuhusu raia wa Kiingereza waliohamia Kenya, jaji alitakiwa kuamua kama mtu huyu ni wa aina ambayo haitakiwi nchini, kisha gavana angechukua hatua. Makhan Singh hakujificha. Alikiri mbele ya jaji kwamba ni mkomunisti na kwamba, kwa maoni yake, Waingereza hawakuwa na haki ya kuitawala Kenya. Thacker aliona kwamba hatakiwi. Gavana Philip Mitchell akatia saini. Juni 1950 aliyekuwa katibu mkuu alijikuta Lokitaung, kaskazini kabisa kwa Waturkana, na baadaye akahamishiwa Maralal, kisha Dol Dol. Alitoka Oktoba 1961. Ilikuwa miaka 11 na zaidi, bila kosa lolote la jinai kuthibitishwa katika shauri lililompeleka huko.

Hapa tunaomba ruhusa ya kurudi darasani kidogo. Neno la Kiingereza lililobeba hukumu ile tumezoea kulitafsiri kwa asiyetakiwa, wengine asiyefaa. Tunapendelea asiyetakiwa, kwa sababu sarufi yake husema ukweli ambao sheria iliuficha. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa. Kwa hiyo yupo mtendaji, hata kama hakutajwa. Asiyetakiwa na nani? Kamilisha sentensi kwa kutumia kiunganishi na, kama tunavyowaagiza wanafunzi katika zoezi la kwanza la kauli hiyo, na hukumu nzima ya Nyeri inageuka sura. Hakutakiwa na gavana. Hakutakiwa na waajiri. Maelfu waliosimamisha kazi Nairobi kwa siku 9 walimtaka, na wao ndio waliokuwa wengi. Asiyefaa, kwa upande mwingine, humtwisha mtu kasoro kana kwamba amezaliwa nayo, na swali la mtendaji linapotea. Wapo wenzetu katika idara watakaobisha. Wabishe.

Je, Thacker wa 1947 na Thacker wa 1950 walikuwa watu wawili? Wapo wanaomwona kama jaji aliyeanza na huruma akaishia na ukatili. Sisi hatuoni hivyo. Tuzo na hukumu zilitoka katika wazo moja: kwamba tumbo la mfanyakazi ni jambo la serikali kulishughulikia, lakini mdomo wake si wa kushughulikiwa, ni wa kufungwa. Mwafrika mwenye njaa alikuwa tatizo la utawala, na utawala mzuri hulitatua. Mtu anayemwakilisha Mwafrika huyo bila ruhusa, akasema kwa niaba yake leo na kesho na keshokutwa, alikuwa hatari. Ndiyo maana Mombasa ilipata nyongeza na Kibachia akapata Kabarnet mwaka uleule, bila mtu wa serikali kuona mgongano wowote.

Thacker alistaafu ujaji, kisha akarudishwa mwishoni mwa 1952 kama hakimu wa kesi ya Kapenguria. Kati ya washtakiwa 6 aliowatia hatiani tarehe 8 Aprili 1953 alikuwamo Fred Kubai yuleyule, na Bildad Kaggia, ambaye naye alikuwa kiongozi wa chama cha makarani. Wanahistoria wameandika kwamba alilipwa pauni 20,000 kwa kazi hiyo, nje ya mshahara wa kawaida. Wafungwa wakapelekwa Lokitaung.

Yaliyofuata tutayapita haraka. Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mkataba wa uhusiano kazini, na mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Kazi. Mwaka 2007 sheria za kazi ziliandikwa upya. Katiba ya mwaka 2010 ikaenda mbali zaidi: kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na kinamhakikishia mfanyakazi ujira wa haki, chama na mgomo. Kile ambacho msajili wa 1949 alikikataa kwa barua sasa kimeandikwa katika sheria kuu ya nchi.

Ila kuandikwa hakukumaliza mabishano, na mfano unaotugusa zaidi ni wa walimu wenzetu. Tarehe 30 Juni 2015 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwa uamuzi wa Jaji Nduma Nderi, iliwapa walimu wa Kenya nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 ya mshahara wa msingi, ya kuhesabiwa kuanzia Julai 2013. Tuzo tena, na kubwa kuliko ya Mombasa. Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba serikali haina fedha hizo. Walimu waligoma mwezi Septemba, shule zikafungwa, na tarehe 6 Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta nyongeza yote. Majaji wa rufani waliona kwamba mshahara wa watumishi wa umma haungeweza kupangwa bila ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kwamba jaji alikuwa amechanganya kazi ya kupatanisha na kazi ya kuhukumu. Kilichowafikisha walimu kwenye nyongeza hatimaye hakikuwa hukumu. Yalikuwa makubaliano ya pamoja yaliyotiwa saini Oktoba 2016, Tume ya kuwaajiri walimu upande mmoja wa meza na vyama vyao upande wa pili.

Meza hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 1947. Walimu wa sanaa na lugha hapa Uganda waliogoma Juni 2022, kwa sababu mishahara ya wenzao wa sayansi ilipandishwa peke yake, wanajua vizuri tofauti kati ya kuongezewa na kuulizwa. Nasi tumo katika hesabu hiyo, hatuna haja ya kujifanya watazamaji.

Na mdomo bado una bei yake. Madaktari wa Kenya walipogoma kuanzia Desemba 2016, viongozi 7 wa chama chao waliamriwa na mahakama wausitishe mgomo. Hawakuusitisha. Tarehe 13 Februari 2017 walipelekwa gerezani kwa mwezi mmoja kwa kuidharau mahakama. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani iliamuru waachiwe, mazungumzo yakaendelea, na mgomo ukamalizika mwezi Machi baada ya siku 100.

Makhan Singh hakuishi kuyaona hayo. Baada ya kutoka kizuizini aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, iliyochapishwa mwaka 1969, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa historia hii hukitegemea. Alifariki Mei 1973. Kiwanja cha Maskini hakina mnara tunaoujua. Kina jina lake la Kiswahili tu, ambalo waligomaji walilitunga wenyewe bila kusubiri msajili.